Grande Barrière na Ramani ya Kanda za Michezo

Anayesimama Grande Barrière, katika mji wa Gisenyi ambao wilaya yake siku hizi huitwa Rubavu, akaelekeza uso wake magharibi, huwa na Ziwa Kivu mkono wa kushoto, mlima Nyiragongo mkono wa kulia, na mji wa Goma mbele yake. Kati ya miji hii miwili hakuna mto wala bonde wala msitu. Nyumba za Wanyarwanda zinakoma, na za Wakongo zinaanza, na lau si lile lango na askari wake mgeni asingalijua kwamba ametoka nchi moja akaingia nyingine. Wenyeji wana bariyeri mbili. Ile ndogo, Petite Barrière, ndiyo ya wachuuzi waendao kwa miguu na mizigo yao kichwani, na katika siku za amani makumi ya maelfu ya watu huipita. Ile kubwa, iitwayo pia Corniche, iko karibu na ufuko, nayo ni njia ya magari na wasafiri wa mbali.

Biashara ya mpaka huu imekwisha kuandikwa sana, nasi hatukusudii kuirudia. Tunakusudia kueleza mpaka wa pili, uliolala juu ya ule wa kwanza kama kivuli, ambao walimu na wanafunzi wetu huutaja kila wasomapo matokeo ya michezo magazetini pasipo kuutambua. Huo ni mpaka wa kanda za michezo za Afrika.

Klabu ya kandanda ya Gisenyi, mathalani Etincelles au Marines, imo katika eneo la CECAFA, yaani baraza la vyama vya kandanda vya Afrika Mashariki na Kati. Klabu ya Goma, mathalani DC Virunga au Dauphins Noirs, imo katika eneo la UNIFFAC, pamoja na klabu za Kameruni, Gaboni, Chadi na Guinea ya Ikweta. Katika mpira wa kikapu Rwanda imewekwa Kanda ya Tano pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania na hata Misri. Kongo imewekwa Kanda ya Nne. Mpira wa wavu ni vivyo hivyo. Katika riadha Rwanda huhesabiwa kuwa ya Mashariki, na Kongo kuwa ya Kati. Basi vijana wawili wa miji hii, ambao husikilizana kwa Kiswahili pasipo mkalimani na ambao shule zao zimeachana kwa mwendo wa saa moja kwa miguu, hawawezi kukutana katika mashindano rasmi ya kanda. Sharti kila mmoja ashinde kwao, kisha wakutane katika mashindano ya bara zima.

Na kweli hukutana huko. Mwaka wa 2004 Rwanda ilipofika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Mataifa ya Afrika, ilipangwa kundi moja na Kongo, na majirani hawa wakacheza Tunisia, maelfu ya kilomita kutoka ziwani kwao. Rwanda ikashinda kwa bao 1-0. Mwaka wa 2016, katika mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani yaliyofanyika Rwanda, Kongo ilimtoa mwenyeji katika robo fainali kwa mabao 2-1 baada ya muda wa nyongeza, kisha ikatwaa kombe. Mwaka wa 2021 nchi hizi mbili zilikuwa tena kundi moja katika ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu mjini Kigali. Kila mara watangazaji walilisifu pambano la majirani. Ajabu ni kwamba ujirani huo hauna nafasi katika kalenda ya kila mwaka.

Mambo haya yalitokeaje? Jibu la haraka ni kwamba mipaka ya michezo imefuata mipaka ya wakoloni. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, na kwa Gisenyi na Goma lina kasoro kubwa.

Mpaka wenyewe ulikubaliwa na Wajerumani na Wabelgiji mwaka wa 1910, baada ya mazungumzo ya Brussels. Haukudumu miaka mingi kuwa mpaka wa dola mbili zinazoshindana, kwa sababu mwaka wa 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliivuka mistari hiyo na kuichukua Rwanda. Mwaka wa 1925 Ubelgiji iliziunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika utawala mmoja chini ya Gavana Mkuu aliyekaa Léopoldville. Tangu hapo hata uhuru, lango la Gisenyi lilikuwa baina ya majimbo mawili ya mtawala mmoja. Chuo kikuu kilichofunguliwa Elisabethville mwaka wa 1956 kilipewa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi; yaani kijana wa Gisenyi na kijana wa Goma, kama wangalibahatika kufika huko, wangalikuwa wanafunzi wa chuo kimoja na wangaliweza kuvaa jezi ya rangi moja. Kama ukoloni peke yake ndio ungaliamua, leo Rwanda ingalikuwa Kanda ya Nne pamoja na Kinshasa, wala isingalikaa meza moja na Nairobi na Kampala.

Upande wa Waingereza kulikuwa na historia nyingine. Mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mwenye kiwanda cha sabuni. Tanganyika na Zanzibar zikaingia baadaye. Baada ya uhuru kombe hilo likageuka kuwa Kombe la Chalenji, na mwaka wa 1973 CECAFA ikalichukua. Waliokuwamo katika miaka hiyo hawakuwa wa Mashariki peke yake. Zambia na Malawi zilikuwamo, Zimbabwe ikaja baadaye, na Malawi ilitwaa kombe mwaka wa 1978 na 1979. Neno “Kati” katika jina la baraza hilo, kwa hiyo, halikuwa na maana ya Kongo wala Kameruni. Lilikuwa na maana ya ile Afrika ya Kati ya Waingereza, yaani Rhodesia mbili na Nyasaland. Wanafunzi wengi hudhani vinginevyo, na mwalimu wa historia angeweza kulifanyia neno hilo kipindi kizima.

Tukumbuke pia jinsi uzi wa michezo ulivyokuwa mgumu kukatika kuliko ule wa siasa. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka wa 1970, na Nairobi, Makerere na Dar es Salaam kila kimoja kikashika njia yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka wa 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka wa 1983. Lakini mwaka huo huo wa 1977 Kombe la Chalenji lilichezwa Mogadishu, na mwaka wa 1981, lango la Namanga likiwa limefungwa, Wakenya walikwenda Dar es Salaam na wakarudi na kombe baada ya kumfunga mwenyeji katika fainali. Hatujui jumuiya nyingine katika eneo letu iliyovumilia mengi kama hiyo ya kandanda.

Wakati huo Rwanda ilikuwa imeelekeza macho magharibi. Mwaka wa 1963 ilikuwa imejifungulia chuo kikuu chake Butare, lakini lugha yake ya shule ilikuwa Kifaransa, na rafiki zake wa karibu walikuwa Burundi na Zaire. Tarehe 20 Septemba 1976, hapo hapo Gisenyi, viongozi wa nchi hizo tatu walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ijulikanayo kwa herufi zake za Kifaransa CEPGL, na makao yake yakawekwa mjini humo. (Micombero wa Burundi alipinduliwa baada ya wiki chache tu, lakini mkataba ulibaki.) Mwaka wa 1983 nchi hizo tatu zikawa miongoni mwa waasisi wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Afrika ya Kati. Aliyekuwa akisoma gazeti Gisenyi katika mwaka huo angesema bila wasiwasi kwamba mji wake ni wa Afrika ya Kati, na kwamba Goma ni ndugu yake katika kila kitu.

Kisha ukaja mwaka wa 1994. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, katika mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya watu walimiminika Goma kwa njia ya bariyeri hizi katika siku chache, na vita vilivyofuata viliivunja CEPGL pasipo mtu kutangaza kwamba imevunjika. Ilifufuliwa mwaka wa 2007, lakini haikurudia nguvu zake. Rwanda mpya, ambayo wengi wa viongozi wake walikulia Uganda, iligeuka mashariki. Ilipofika mwaka wa 1999 Kombe la CECAFA lilichezwa Kigali, na Rwanda ikalitwaa. Tangu mwaka wa 2002 kombe la klabu za kanda hiyo likaitwa kwa jina la Rais Kagame. Mwaka wa 2007 Rwanda na Burundi zikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 2008 Kiingereza kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za Rwanda, na mwaka wa 2017 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi. Tazama, basi: mpira ulitangulia, mkataba ukafuata, na lugha ikaja mwisho. Kwa sisi walimu wa Kiswahili mpangilio huo unastahili kuangaliwa, maana mara nyingi tumehubiri kwamba lugha ndiyo hufungua njia.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala haya. Kuhama kanda si faida tupu wala hasara tupu, na mizani yake hubadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Watu husema “Rwanda ilihamia Mashariki” kana kwamba taifa ni mtu mmoja aliyebeba sanduku lake. Kwa kweli aliyehama ni mcheza kandanda, na mrukaji, na mkimbiaji, na kila mmoja alikuta mambo yake.

Chukua kandanda. Nchi za UNIFFAC zimetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara nane: Kameruni mara tano, Kongo ya Kinshasa mara mbili, mwaka wa 1968 na 1974, na Kongo ya Brazzaville mara moja, mwaka wa 1972. Nchi za CECAFA zimelitwaa mara mbili tu, Ethiopia mwaka wa 1962 na Sudan mwaka wa 1970. Mcheza kandanda wa Rwanda aliyegeuka mashariki aliwakimbia simba na kukutana na watu wa kimo chake. Hata wanachama wenye nguvu wa zamani walikuwa wakiondoka: Zambia, Malawi na Zimbabwe, ambazo kati yao zilikuwa zimetwaa kombe hilo mara sita, zilijiunga na baraza la kusini, COSAFA, lililoundwa mwaka wa 1997. Kwa hiyo Rwanda iliingia nyumba ambayo vyumba vyake vikubwa vilikuwa vimeachwa wazi.

Sasa mchukue mkimbiaji. Yeye alitolewa mahali ambapo angeweza kupata medali ya kanda, akawekwa baina ya Wakenya na Waethiopia. Katika mbio za mita 10,000 hakuna kanda ngumu kuliko hiyo duniani, na mtu anaweza kuwa bora katika nchi yake miaka kumi asipate hata shaba ya Afrika Mashariki. Hata hivyo wako wanaosema kwamba anayekimbia nyuma ya Mkenya hufika mapema kuliko anayeongoza peke yake, nasi tunaelekea kukubaliana nao. Wachezaji wa mpira wa wavu wanawake walikutana na Kenya, bingwa wa Afrika mara kumi. Lakini kama wangalibaki upande wa pili wangalikutana na Kameruni, iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, mwaka wa 2017, 2019 na 2021. Kwao kuhama kulikuwa kama kutoka kwenye mvua na kuingia kwenye mvua. Na katika mpira wa kikapu, aliyetumaini wepesi wa Kanda ya Tano alimkuta Misri mlangoni.

Jambo la pili la mizani ni safari, nalo lina uzito kuliko medali. Timu ya taifa ya kandanda husafiri mara chache kwa mwaka, na fedha zake hutoka serikalini na kwa mashirikisho makubwa. Timu ya mpira wa wavu ya chuo au shule haina mfadhili, ina basi. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kilomita zipatazo 160 za lami, na kutoka Kigali basi laweza kuendelea hadi Kampala. Hii ndiyo sababu michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, iliyofanyika Huye mwaka wa 2023 na Mbale mwaka wa 2024, imewezekana kwa watoto wa Rwanda. Na vyuo vya Rwanda vimeupenda mpira wa wavu tangu siku za Butare, ambako timu ya Chuo Kikuu cha Taifa ilikuwa miongoni mwa zilizoogopwa nchini. Chuo cha utalii na biashara kijulikanacho kama UTB, ambacho kina tawi Rubavu, kimekuwa na timu za wavu za kuheshimika katika ligi ya taifa. Watu wachache, wavu mmoja, basi moja: mchezo huo unajua hesabu ya chuo kisicho na fedha nyingi.

Hali ya mwanafunzi wa Goma ni nyingine kabisa. Mji wake una vyuo vikuu, kikiwamo kile cha Nchi za Maziwa Makuu kilichoanzishwa mwaka wa 1985, ambacho jina lake lenyewe linakumbusha ndoto ya CEPGL. Lakini akitaka kushiriki mashindano ya taifa lake lazima afike Kinshasa, kiasi cha kilomita 1,500 kwa ndege, maana hakuna barabara ya kumfikisha. Na akifanikiwa huko, mashindano ya kanda yanaweza kumpeleka Yaoundé au Libreville. Hata ligi ya taifa ya kandanda ya Kongo imelazimika kugawanywa kwa miaka kadhaa katika kanda za ndani, ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kati-Kusini, na washindi kukutana mwishoni, ili klabu zisife kwa nauli. Tunadhani hakuna ushahidi bora kuliko huo: nchi yenyewe imekiri kwamba ni kubwa kuliko mfuko wa klabu.

Hapa inafaa tutazame mbali kidogo, kwa kuwa jambo hili halikuanzia kwetu. Nchini Marekani vyuo vikuu hucheza katika miungano iliyoundwa zamani kwa kufuata ujirani. Mwaka wa 2024 muungano wa pwani ya Pasifiki, ambao asili yake ni mwaka wa 1915, ulivunjika: kati ya vyuo kumi na viwili, kumi viliondoka kwa mwaka mmoja, vikabaki viwili. Vinne, viwili vyao vya Los Angeles, vilikwenda katika muungano uitwao Big Ten, yaani “Kumi Wakubwa”, ambao sasa una wanachama 18 na unafika hadi New Jersey na Maryland. Chuo cha Stanford, kilicho karibu na bahari ya Pasifiki, kimejiunga na muungano unaoitwa wa Pwani ya Atlantiki. Sababu haikufichwa: ni fedha za televisheni, na fedha hizo huletwa na mchezo mmoja, ile kandanda ya Kimarekani ichezwayo kwa mikono zaidi ya miguu. Mchezo huo una mechi kumi na mbili tu za kawaida kwa msimu, na nusu yake huchezwa nyumbani. Lakini aliyehamishwa si yeye peke yake. Wasichana wa mpira wa wavu, ambao hucheza mechi takriban 30, na wale wa mpira laini wa kupiga kwa gongo, ambao hucheza zaidi ya 50, nao wamehamishwa pamoja naye, wakivuka bara zima katikati ya wiki za masomo ili kuufuata mkataba ambao haukuandikwa kwa ajili yao.

Sisi hatuna fedha hizo za televisheni, na pengine ni heri. Lakini desturi ni ile ile: kandanda hukata shauri, na michezo mingine hufuata mkia. Zanzibar yatuonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Katika CECAFA Zanzibar ina timu yake, ilitwaa kombe mwaka wa 1995, na mwaka wa 2017 ilifika fainali na kushindwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti. Katika Olimpiki wanamichezo wake wamo ndani ya Tanzania. Shirikisho la kandanda la Afrika liliipokea kuwa mwanachama kamili mwezi Machi 2017 na kuitoa mwezi Julai mwaka huo huo, na bado Zanzibar iliendelea kucheza katika baraza la kanda. Burundi nayo, katika hesabu ya Umoja wa Afrika, ni nchi ya Kanda ya Kati, ilhali kandanda yake ni ya CECAFA. Kumbe yawezekana watu wa mahali pamoja wakawa wa kanda hii katika mchezo huu, na wa kanda ile katika mchezo ule, na dunia isipinduke.

Kwa nini, basi, Kongo isihamie Mashariki, angalau kwa michezo midogo? Mwaka wa 2022 iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa. Klabu zake zimewahi kualikwa katika kombe la klabu za CECAFA. AS Vita ya Kinshasa ilicheza Dar es Salaam mwaka wa 2012. Wageni hupokewa hata wanapoleta matatizo: mwaka wa 2006 Zambia, ikiwa mgeni, iliifunga Sudan katika fainali ya Kombe la CECAFA, na kwa kuwa mgeni hawezi kuwa bingwa, kombe likapewa Sudan.

Lakini swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Kwa Kinshasa, Kanda ya Nne ni nyumbani: lugha ya mikutano ni Kifaransa, Brazzaville iko ng'ambo ya mto, na Kameruni ndiye mpinzani wa kupimana naye nguvu. Kuhamia Mashariki kungeisaidia Goma, Bukavu na Lubumbashi, na kungeitesa Kinshasa na Matadi. Nchi moja haiwezi kukatwa vipande viwili katika shirikisho la mchezo mmoja. Na kuihamisha Goma peke yake, hata kwa mpira wa pete, kungesomwa kisiasa. Mwezi Januari 2025 mji huo ulichukuliwa na wapiganaji wa M23. Mwezi Juni mwaka huo Rwanda ikatangaza kujitoa katika Jumuiya ya Afrika ya Kati, ambamo ilikuwa mwasisi na ambamo ilikuwa imerejea mwaka wa 2016. Katika hali kama hiyo, anayesema kwamba timu za Goma zicheze Kigali kwa sababu ni karibu anasema kweli ya kijiografia, na Wakongo wengi watasikia tishio. Hatuwalaumu. Ligi ya taifa ni mojawapo ya nyuzi chache zinazomfanya mtoto wa Goma ajue majina ya mitaa ya Kinshasa.

Maoni yetu ni kwamba kandanda iachwe ilipo. Inaweza kubeba gharama ya umbali, na heshima ya taifa imo ndani yake. Lakini mpira wa wavu, wa kikapu, wa mikono, na hasa michezo ya shule na vyuo, ingefaa ipewe ruhusa ya kudumu ya kucheza na jirani kama mgeni, bila kuhama uanachama. Michezo isiyofuata kanda imekwisha kuonyesha njia: mbio za baiskeli za Rwanda, zilizoanza mwaka wa 1988, humalizia mara nyingi safari ya siku moja hapo hapo Rubavu, na waendeshaji hutoka mabara yote, ufuko wa mji huo umepokea mashindano ya kimataifa ya mpira wa wavu wa mchangani. Hakuna aliyeuliza mchanga ule ni wa kanda ipi.

Tuongeze neno juu ya lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Watu wa Goma husema mupira; Wanyarwanda husema umupira, na umupira w'amaguru ni ule wetu wa miguu. Neno ni moja, nalo lilitoka kwenye utomvu wa mmea kabla ya kuwa jina la mchezo, utomvu ule ule ambao ulimwaga damu nyingi Kongo katika siku za Mfalme Leopold II. Lakini marefa wa Kanda ya Nne huitana kwa Kifaransa, na fomu za Kanda ya Tano huandikwa kwa Kiingereza. Mchezaji wa Goma na wa Gisenyi wakikutana Tunisia au Kigali, lugha yao ya kawaida haimo katika karatasi yoyote ya mashindano. Chama chetu kingeweza kuanza na jambo dogo: orodha ya maneno ya michezo inayotumika pande zote mbili za lango, ikiwa na matamshi ya Goma sambamba na yale ya Dar es Salaam, bila kuyadharau yoyote.

Hata hivyo tusiwe na haraka ya kuchora ramani mpya. Katika mashindano ya mwaka wa 2016 tuliyoyataja, uwanja wa Umuganda wa Gisenyi ulipewa kundi la Mali, Uganda, Zambia na Zimbabwe, ilhali Kongo ilipangwa Huye, kusini mwa nchi. Mtu wa Goma aliyetaka kuwaona Zambia alihitaji kuvuka bariyeri tu. Aliyetaka kuwaona Chui wa kwao alihitaji kuvuka karibu Rwanda nzima. Na mwezi Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa alipovuka Petite Barrière akifyatua risasi, upande wa Kongo uliamua kwamba mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Mechi nyingi za ligi upande wa Gisenyi huanza saa tisa.